Frigo Iliyofungwa kwa Kufuli

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, nilipomwona Mama Mbombo amesimama langoni kwangu, hapa Kikula mjini Likasi, ameshika beseni. Saa hiyo sikuibuni. Imo katika daftari langu, kwa sababu nilikuwa na desturi ya kuandika saa ya kila mteja kabla hata ya kumsalimia. Ndani ya beseni mlikuwa na samaki watatu ambao jana yake walikuwa wagumu kama mawe. Akanisogezea mmoja.

“Fundi Kalenga, gusa. Frigo yangu iko natoa baridi ama moto?”

Nikambonyeza samaki kwa kidole gumba, na alama ya kidole ikabaki.

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya frigo, nimewaandikia mambo ya wiki tano zilizofuata kwa sababu katika miaka yangu yote sijafanya makosa mengi mfululizo kama niliyofanya katika nyumba ile. Niliacha kazi nikiwa na miaka hamsini na minane. Watu wanasema ni mgongo, na ni kweli, lakini mgongo haukuwa peke yake; nyumba ile nayo ilichangia.

Mama Mbombo alikuwa mjane wa karani, mtu wa asili ya Kasai kama wengi wa mtaa wetu. Aliishi kwa kuuza samaki wa kugandishwa na vifuko vya maji baridi, vyote kutoka kwenye frigo moja iliyosimama sebuleni kati ya kabati la sahani na picha ya marehemu. Alikaa na mwanawe Trésor, ambaye muda mwingi alikuwa Kakanda kwenye kazi za mgodi, na mke wa Trésor, Solange, binti wa Kapolowe. Ndoa ilikuwa na mwaka mmoja na mtoto hakuwa amekuja bado. Mama mkwe na mkwewe walizungumza kwa adabu kubwa, adabu ile ambayo ukiisikia unajua kwamba kuna kitu.

Siku hiyo ya kwanza nilikuwa na haraka. Kulikuwa na kazi nyingine kubwa upande wa Panda. Nilifungua mlango wa frigo, nikaona barafu nene imejaa kwenye pembe ya juu, nikasikia motere inazunguka bila kupumzika. Kompresa ndiyo tunaita motere sisi huku. Barafu nene namna hiyo maana yake hewa ya joto inaingia. Hewa ya joto huingia kwa njia mbili: mlango unafunguliwa mara nyingi, au mlango haufungi vizuri. Kuzitenganisha hizo mbili kunahitaji noti ya faranga mia na dakika tano. Unafunga mlango juu ya noti, unaivuta. Ikikaza, mpira wa mlango ni mzima. Ikitoka kama imelala mezani, mpira umechoka mahali hapo. Unazunguka hivyo mlango mzima, kila baada ya upana wa mkono.

Noti nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa. Nilisema tu, “Frigo hii inafunguliwa sana, Mama.”

Mama Mbombo aligeuza shingo taratibu akatazama uani, ambako Solange alikuwa ameinama anasugua sufuria.

“Nilijua,” akasema. “Minye sifungulake kila saa. Kuko muntu mu hii nyumba njo anafungulaka.”

Niliona alikotazama. Ningeweza kusema kwamba sijapima. Nilifunga mkoba, nikapokea dola zangu tano, nikaenda Panda.

Kuhusu kupima. Papa Ilunga, aliyenifundisha mwanzo wa kazi, alikuwa fundi umeme mstaafu mwenye jicho moja zima. Mengine nilijifunza mwenyewe katika vitabu vya Kifaransa vilivyokosa majalada, nikiandika kila neno nisilolijua. Papa Ilunga mwenyewe hakunipa mafundisho mengi. Kila nilipotoa maoni aliuliza neno moja tu: “Umepima?” Siku moja niliing’oa motere nzima ya mteja, asubuhi yote, nikampelekea Papa Ilunga kwenye toroli nikimwambia imekufa. Aliuliza swali lake. Tulirudi pamoja kwa yule mteja, akachomeka taa ndogo kwenye soketi ya ukutani, na taa haikuwaka. Soketi ndiyo ilikuwa imekufa. Alicheka mpaka jicho lile moja likatoa machozi, kisha akanifanya niirudishe motere mahali pake bila malipo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilidhani nimepona ugonjwa huo.

Jambo lingine ambalo lazima mlijue ni kwamba kazi yetu hufanywa chini ya macho. Hapa Likasi mteja haachi kwa urahisi frigo yake na fundi akaenda zake. Analeta kiti. Anakaa nyuma yako. Watu wanaamini kwamba fundi huiba motere nzuri na kuweka mbovu, na siwezi kuwaapia kwamba haijatokea kamwe. Kuna papa mmoja aliyepaka motere yake rangi ya kucha ya mke wake, nyekundu, ili aitambue. Niliporudisha frigo, ile rangi ilikuwa imegeuka kahawia kwa sababu motere ni kitu cha moto. Akasema nimebadilisha. Tulikaa saa mbili, mimi naiwasha motere, yeye anapaka rangi mpya kando ya ile ya zamani, tunangoja iive. Ilipoiva alilipa bila kuomba radhi. Nami sikukasirika. Katika kazi hii unashukiwa, na wewe unashuku: unashuku umeme, unashuku aliyeigusa kabla yako, unashuku mteja anayekuambia hajaangusha kitu. Ni vizuri hivyo, mradi shaka yako iishie kwenye kipimo.

Jumatano, siku moja baada ya ile ya beseni, Mama Mbombo alirudi. Alikuwa na kufuli mpya ya shaba, ndiyo tunaita kadena huku, na vipande viwili vya bati vya kuishikia. Alitaka vifungwe kwenye frigo, kimoja mlangoni, kimoja ubavuni. Nilimwambia kufuli kwenye frigo si jambo zuri. Akasema nyumba ni yake. Nikachukua drili.

Sikilizeni vizuri hapa. Frigo nyingi za zamani zina wavu mweusi mgongoni, bomba zinazotoa joto nje. Hiyo ya Mama Mbombo ilikuwa frigo ya Bulaya, yaani ya Ulaya, iliyonunuliwa ikiwa imetumika, na mgongo wake ulikuwa laini. Frigo ikiwa na mgongo laini, zile bomba hazijapotea. Zimefichwa ndani ya mbavu, chini ya bati, zimepanda na kushuka. Ukiweka kiganja ubavuni utahisi mistari ya joto. Hilo nilikuwa nalijua kwa zaidi ya miaka kumi. Nilitoboa ubavu ule bila kuweka kiganja.

Sikusikia kitu. Drili ilipita kwenye bati, nikakaza misumari minne ya parafujo, Mama akafunga kadena na kuvaa ufunguo shingoni kwa uzi, ndani ya blauzi. Solange alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na ndoo. Alitazama ile kadena, akatazama mimi, akatoka nje.

Na frigo ikapona. Kwa siku tisa samaki walikuwa mawe. Mama Mbombo alinitumia salamu kanisani kwamba mimi ni fundi wa kweli, na mtaa mzima ukaelewa maana ya salamu zile: mkwe amefungiwa, frigo imepona, basi mwenye kosa amejulikana. Nami niliamini. Leo najua kwa nini ilipona. Mpira wa mlango ulikuwa umechoka kwenye pembe moja, na ile kadena ilikuwa inauvuta mlango mpaka unabana. Kufuli ilitengeneza kile ambacho mimi sikukipima.

Siku ya kumi samaki walianza kulegea.

Nilikuta motere inazunguka bila kusimama, na ndani barafu nyembamba imeshika mwanzo tu wa bomba, kama upana wa viganja viwili. Kwingine kote pakavu. Nikaweka glasi ya maji katikati, kipimajoto ndani yake, nikangoja. Kipimajoto ndani ya maji hakidanganywi na mlango unaofunguliwa; cha hewani hudanganywa. Digrii kumi na moja. Ubavu wa frigo ulikuwa vuguvugu tu. Dalili hizo zote zinasema jambo moja: gazi, yaani gesi inayoleta baridi, ni kidogo. Na gazi ya frigo haichakai wala hailiwi. Ikiwa imepungua, imetoka, na ikiwa imetoka, kuna tundu. Fundi anayeongeza gazi bila kutafuta tundu anauza wiki mbili za baridi.

Niliuza wiki mbili za baridi. Nilipaka povu la sabuni kwenye maungio ya nyuma, karibu na motere, sikuona kitu, nikajiambia pengine fundi wa kwanza aliyeigusa frigo hii zamani alijaza pungufu. Mtu ambaye hata sikumjua jina. Nikaongeza gazi, dola kumi na tano. Siku kumi na moja baadaye nilirudi tena kwa kazi ile ile na bei ile ile, na safari hii Mama Mbombo aliweka kiti chake karibu sana hata magoti yake yaligusa mgongo wangu.

Sasa kila mtu alikuwa anamshuku mwenzake. Mama aliniuliza kama naweka gazi nusu ili nirudi kulipwa. Mimi nilishuku umeme. Nilipima jioni nikakuta umeshuka sana, lakini frigo za majirani wenye umeme ule ule zilikuwa zinagandisha. Solange, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anaamini mimi na mama mkwe tumepatana ili aondoke. Na Mama alikuwa na hesabu yake, ambayo alinieleza kwa sauti ya chini akichezea uzi wa shingoni.

“Frigo iko na kadena. Fungulo iko hapa. Samaki inaoza. Basi kuko fungulo ya pili.”

Nikamuuliza kama samaki wanapungua. Akasema hapana, anawahesabu kila asubuhi, na vifuko vya maji pia, na hesabu iko sawa. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Mwizi asiyeiba kitu ni mwizi gani? Lakini alinionyesha ushahidi mwingine: kwenye ubavu wa frigo, kuzunguka bati la kufuli, kulikuwa na mng’ao wa mafuta. Solange ndiye anapika, akasema, anafungua kwa siri mikono ikiwa na mafuta ya chakula. Nilitazama kwa mbali nikatikisa kichwa kama mtu anayekubali.

Nilifanya zaidi ya hapo, na hili ndilo linaloniuma. Nilimsaidia Mama kutega. Tulibandika uzi mwembamba wa cherehani kwa sabuni, nusu mlangoni, nusu kwenye ubavu wa frigo. Asubuhi uzi ulikuwa mzima. Ukawa mzima siku tatu mfululizo, na samaki wakawa wanalegea siku tatu mfululizo. Kipimo kile kilikuwa kimejibu wazi kabisa kwamba hakuna mtu anayefungua. Mama alisema msichana ameuona uzi na anaurudisha. Mimi nilisema inawezekana.

Kisha Trésor akaitwa kutoka Kakanda. Jumamosi, saa nne, familia ingekaa. Baba wa Solange alikuwa ametumiwa habari Kapolowe aje amchukue binti yake, na nguo zake zilikuwa tayari ndani ya mfuko mmoja kwenye kona ya sebule. Nilitakiwa niwepo kama shahidi wa frigo.

Nilifika mapema, saa mbili na nusu, na mashine yangu ya kupimia umeme. Sikuwa na nia safi sana. Nilitaka niwe na la kusema kuhusu umeme endapo wataniuliza kwa nini nimelipwa mara mbili. Mama alikuwa amekwenda kununua vinywaji vya wageni. Solange alikuwa anapanguza frigo, kazi aliyoifanya kila siku, hata siku ile. Hakunisalimia kama alivyozoea. Akanionyesha kitambaa.

“Papa fundi, hii mafuta inatoka wapi? Minye naipanguza kila asubui, kesho yake inarudia. Mama anasema ni mikono yangu. Lakini minye napikaka na mawese. Hii iko nyekundu?”

Haikuwa nyekundu. Nikainusa. Mawese mnayajua harufu yake hata mkiwa usingizini. Mafuta ya kitambaa kile hayakuwa na harufu ya chakula. Yalikuwa mepesi, meupe kama maji, na nilikuwa nimeyapangusa kwenye vidole vyangu maelfu ya mara. Ni mafuta ya motere. Yanazunguka pamoja na gazi ndani ya bomba, na pale gazi inapotokea, yenyewe hutokea na kubaki. Kila fundi anajua: ukitafuta tundu, tafuta kwanza mafuta.

Nikaweka kiganja ubavuni. Mstari wa joto ulipanda kutoka chini na kupita moja kwa moja chini ya bati la kufuli. Nikachovya brashi kwenye sabuni, nikapaka kuzunguka parafujo ya pili kutoka juu. Tulingoja. Povu moja dogo likavimba, likakua kama punje ya mahindi, likapasuka. Lingine likaanza.

Parafujo ile ilikuwa imetoboa bomba na kuliziba yenyewe, karibu kabisa. Ilikuwa inavuja polepole, siku baada ya siku, mahali ambapo nilikaza kwa mkono wangu.

Solange aliniangalia usoni. Hakujua frigo, lakini uso wa mtu alijua kuusoma. “Ni nini?” akauliza.

Nitawaambia ukweli. Kwa muda wa kukunja kitambaa kile mara moja nilifikiria kusema kwamba frigo ya Bulaya imezeeka. Hakuna ambaye angejua. Ningeitengeneza, frigo ingepona, na pengine hata kikao kingevunjika chenyewe. Lakini mama yule angesema kwamba mkwe ameacha kufungua kwa kuogopa, na ule mfuko ungebaki kwenye kona, umefungwa.

Nikamwambia Solange asiipanguze tena mpaka wote wafike waone.

Saa nne walikuwa wamekaa wote: Mama Mbombo, Trésor na vumbi la safari bado shingoni, na baba wa Solange, mkulima mpole ambaye hakugusa kinywaji alichopewa. Trésor aliniomba niseme ninachojua. Nilimwita asimame karibu na frigo, nikapaka sabuni, nikawaacha waone povu wenyewe, mmoja mmoja. Mama alikuja wa mwisho, na akainama muda mrefu kuliko wote.

“Hii tundu ni minye niliitoboa,” nikasema. “Siku ile ya kadena. Gazi ilikuwa natokea hapa, na ile mafuta ni ya motere. Solange hana kosa.”

Mama Mbombo alinyooka, akashika kiuno.

“Basi njo weye mwizi, Fundi.”

“Mama,” Solange akasema taratibu, bila kuinua macho, “basi tumurudishe yeye kwabo?”

Trésor ndiye aliyeanza kucheka, kisha baba wa Solange, kicheko cha mtu aliyeshusha mzigo. Mama alijizuia kwa muda, midomo ikitetemeka, akashindwa. Mimi sikucheka, na Solange pia hakucheka. Alikuwa hajamaliza.

“Na ile ya kwanza, papa fundi? Ile ya kusema frigo inafunguliwa sana?”

Nilitoa noti ya faranga mia, nikaifungia kwenye pembe ya juu ya mlango kadena ikiwa imeondolewa, nikaivuta kwa vidole viwili. Ilitoka bila kukaza. Nikawaambia kwamba neno lile sikulipima, nililisema tu, na lilikuwa uongo.

Mama Mbombo hakuomba radhi kwa maneno. Alichukua ule mfuko kwenye kona akaupeleka mwenyewe chumbani, na tulisikia makabati yakifunguliwa. Ufunguo aliuvua Jumatatu, nilipokuja kufanya kazi.

Bomba lililotobolewa ndani ya ubavu haliwezi kuchomelewa. Limezungukwa na povu gumu ambalo litawaka. Msijaribu. Unaliacha limekufa humo, unafunga wavu wa nje mgongoni kutoka frigo mbovu, unabadilisha kichujio, unanyonya hewa yote kwa pampu, kisha unaweka gazi kwa mizani na si kwa kukisia. Na kama kibandiko cha nyuma kinaonyesha gazi ile mpya inayowaka, fungua madirisha na uitoe yote kabla ya kuwasha moto, la sivyo utaaga dunia ukiwa na brashi ya sabuni mkononi. Mpira wa mlango niliukanda kwa maji ya moto mpaka ukarudi kwenye umbo lake. Solange ndiye aliyezungusha noti mlango mzima, kila upana wa mkono, akakataa mahali pawili, nikarudia. Glasi ya maji ilionyesha digrii nne saa kumi jioni.

Yeye ndiye aliyeniandalia hesabu pia, kwa kalamu, juu ya karatasi ya daftari langu mwenyewe. Ziara ya kwanza, dola tano, nirudishe. Kufunga kadena, tano, nirudishe. Gazi mara mbili, thelathini, nirudishe. Wavu, kichujio na gazi ya mwisho, ishirini na tatu, juu yangu. Samaki walioharibika mama mkwe wake alisema tayari waliliwa, basi hakuwahesabu. Niliihakiki hesabu mara mbili nikitafuta kosa, kwa mazoea, na haikuwa nalo. Nilipoteza dola sitini na tatu.